Skima ya Tangi la Bahari: Uinunue au Uiache?

Anayepika maharage anajua: sufuria ikishika moto, povu la kijivu hupanda juu, naye huliengua kwa upawa kabla halijarudi mchuzini. Nenda ufukweni siku ya kusi kali, utakuta bahari nayo imejiengua yenyewe, povu limelundikana mchangani. Skima ya tangi la samaki wa maji chumvi hufanya kazi hiyohiyo, usiku na mchana.

Anayeanza kufuga samaki wa baharini huambiwa na mmoja kwamba bila skima samaki watakufa, na mwingine kwamba skima ni kutupa pesa. Kabla hujamsikiliza yeyote, jibu maswali mawili: tangi lako ni la lita ngapi, na unalisha kiasi gani kwa siku?

Povu linavyobeba uchafu

Pampu huvuta maji pamoja na hewa na kuikatakata hewa hiyo iwe viputo vidogo mno, hadi maji ndani ya skima yanakuwa meupe kama tui. Ute wa samaki, mabaki ya chakula na kinyesi kilichoyeyuka vimejaa molekuli zenye upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaoyakimbia. Upande unaoyakimbia hujishikiza kwenye kiputo na kupanda nacho. Povu likifika shingoni mwa skima hujichuja maji, huwa zito, kisha humwagikia kikombeni.

Chumvi ndiyo inayofanikisha kazi. Ndani ya maji chumvi viputo haviungani upesi, hubaki vidogo. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huungana na kuwa vikubwa, povu likakosa nguvu. Ndiyo sababu skima ya nyumbani haikusaidii kwenye tangi la perege.

Faida ya skima ni kuutoa uchafu kabla bakteria hawajaugeuza kuwa amonia, kisha nitriti, kisha nitrati. Faida ya pili ni hewa. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na tangi lililo kwenye nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa hufika nyuzi 28 bila hita. Msukosuko wa viputo huwapa samaki pumzi.

Hata hivyo, usiipe sifa isizostahili. Mwanakemia Ken Feldman wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, alizipima skima kadhaa na akaona kwamba zilitoa takriban asilimia 20 hadi 35 tu ya kaboni ya viumbe iliyomo majini. Na nitrati ikishaundwa, skima haiigusi. Kubadilisha maji kunabaki palepale.

Nani anaihitaji?

Tangi la chini ya lita 100 lenye nemo wawili na matumbawe laini machache halina haja ya skima. Badilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki, ulishe kidogo, basi. Aliye pwani ana nafuu zaidi, kwa kuwa maji mapya ni safari ya dumu tu: chota maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito na mabomba ya maji machafu, na usichote baada ya mvua kubwa. Aliye Nairobi au Dodoma hununua chumvi ya pakiti, kwa hiyo kwake kila ndoo ina bei, na skima huanza kujilipa mapema.

Tangi likizidi lita 200, au ukifuga kangaja anayekula mchana kutwa, au matumbawe magumu yasiyovumilia maji machafu, nunua.

Katikati ya hapo chaguo ni lako. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia aliandika jinsi alivyofuga viumbe wa matumbawe kwa mawe hai (mawe ya baharini yaliyojaa bakteria na viumbe wadogo), mwanga wa jua na viputo vichache vya hewa. Baadaye wafugaji wa Ujerumani walijenga mbinu inayoitwa ya Berlin: mawe hai, taa kali na skima yenye nguvu. Njia zote mbili zilikuza matumbawe. Kilichozitofautisha ni wingi wa viumbe na chakula ambacho kila tangi liliweza kubeba.

Kuchagua

Lita zinazoandikwa kwenye boksi huwa za tangi lenye samaki wachache. Kama lako limejaa, chukua iliyoandikiwa mara moja na nusu ya ukubwa wake. Usipite hapo: skima kubwa kwenye tangi dogo hukosa uchafu wa kutosha kushikilia povu, ikawa inafanya kazi leo na kulala kesho. Angalia pia wati. Pampu ya wati 20 isiyozimwa hula yuniti 14 hivi za umeme kwa mwezi.

Kufunga na kurekebisha

Ioshe kwa siki na maji, bila sabuni. Iweke kwenye tangi la chini, yaani tangi dogo la kuchujia lililo chini ya tangi kuu, katika chumba ambamo kina cha maji hakipandi wala kushuka. Nyingi hutaka sentimita 15 hadi 25, lakini fuata maelekezo ya yako. Chumba kikiwa kirefu, inyanyue kwa kigoda cha plastiki.

Anza na maji yakiwa chini ya shingo. Siku za mwanzo huenda isitoe kitu, au ifurike, kwa sababu plastiki mpya bado ina mafuta ya kiwandani. Ipe wiki moja, hata mbili. Ukigeuza kidhibiti cha kimo cha maji hayo, geuza kidogo, kisha ngoja hadi kesho.

Halafu soma kikombe. Kikitoa maji yanayofanana na chai ya rangi, skima inaengua majimaji: inatoa uchafu mwingi, lakini inatupa maji chumvi pia, nawe ukijazia maji baridi chumvi inashuka. Pima mara kwa mara, uzito linganishi wa maji ubaki karibu na 1.025. Kikitoa tope jeusi, inaengua kikavu, na huenda uchafu mwingine unabaki. Mimi hulenga rangi ya kahawa nyepesi.

Inapogoma

Mkono wenye losheni, au chakula chenye mafuta, huua povu kwa saa kadhaa. Usiguse kidhibiti, litarudi. Dawa za samaki, gundi ya kubandika matumbawe na dawa ya kuondoa klorini hufanya kinyume, povu likafurika. Hapo toa kikombe au izime kwa muda, lakini weka pampu ya hewa.

Kukatika kwa umeme kulinifunza kwa gharama. Maji ya juu yalishuka hadi tangi la chini. Umeme uliporudi saa nane usiku, skima ilijikuta imezama kuliko kawaida, ikamwaga maji kikombeni hadi sebuleni. Asubuhi nilikanyaga zulia likalia chwaa. Siku hizi imechomekwa kwenye soketi inayochelewa dakika 10, ili pampu kuu irudishe maji juu kwanza.

Mwisho ni usafi. Pangusa shingo kila baada ya siku tatu, na uiloweke pampu kwenye siki kila miezi mitatu ili kuondoa chokaa. Utando wa mafuta shingoni hulivunja povu kabla halijafika juu. Kwa hiyo ukikuta kikombe kitupu, usijisifu bado kwamba maji yako ni safi. Pitisha kidole shingoni kwanza.