Kabla ya Kusimama Mbele ya Chama, Jua Unataka Wafanye Nini

Umepewa dakika 10 ueleze biashara yako kwa chama? Usikimbilie kuandika hotuba. Anza na mwisho: mkutano ukiisha, unataka wanachama wafanye nini?

“Nataka wajue biashara yangu” haitoshi. Watapiga makofi, waende nyumbani. Andika sentensi moja yenye kitendo, kiasi na muda: “Leo wakubali kunikopesha shilingi 40,000 za friza, nilipe kwa miezi 8.”

Sasa jiulize, ni nini kitawazuia? Mara nyingi ni swali moja tu: atalipa kweli? Mkopo huo ni 5,000 kwa mwezi, kabla ya riba. Kwa hivyo beba taarifa ya till yako ya miezi 6. Lakini kumbuka, taarifa hiyo inaonyesha mauzo, sio faida. Toa pesa ya stoki, kodi ya duka na stima, halafu uwaonyeshe kinachobaki kila mwezi. Kama hakifiki 5,000, punguza ombi au ongeza miezi.

Habari isiyojibu swali hilo, iache.

Malizia kwa kuomba waziwazi, kisha nyamaza wajibu. Wakisema watafikiria, uliza kwa heshima: tutapata jibu lini?