SOMO LETU: MALIMBIKIZO YA MISHAHARA NA KODI YA MAPATO



Huku kwetu Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, mfanyakazi aliyedai mshahara wake miezi mingi hufurahi siku mwajiri anapokubali kulipa. Lakini mara nyingine furaha hiyo huishia pale mezani, akiona fedha zimepungua bila kuelezwa sababu. Tujifunze jambo hili, ili tusipunjwe, nasi tusidai kisicho haki yetu.

1. Je, fedha hizi hukatwa kodi?

Ndiyo. Mshahara uliocheleweshwa ni mshahara, hata ukilipwa kwa amri ya mahakama au kwa mapatano. Mwajiri ana wajibu wa kukata kodi na kuipeleka kwa Mamlaka ya Mapato ya Zambia, yaani ZRA. Kwa hiyo tusimwite mwizi kwa sababu amekata. Tumwulize: amekata kiasi gani, na amekipeleka wapi?

2. Makosa hutokea wapi?

Tangu Januari 2024, Kwacha 5,100 za kwanza za kila mwezi hazikatwi kodi. Kwacha 2,000 zinazofuata hukatwa asilimia 20, na 2,100 baada ya hizo asilimia 30. Zinazozidi 9,200 hukatwa asilimia 37.

Tuchukue mfano. Mchuma chai mwenye mshahara wa Kwacha 3,000 hakulipwa mwaka mzima wa 2024. Desemba akapewa zote pamoja: Kwacha 36,000. Karani akizihesabu kama mshahara wa mwezi mmoja, atakata Kwacha 10,946. Lakini kodi ya mapato ni ya mwaka, na kiwango kisichokatwa kwa mwaka ni 5,100 mara 12, yaani 61,200. Mwenzetu hakukifikia. Hakupaswa kukatwa hata ngwee moja!

Hapo mtu mwenye mshahara mdogo anatozwa kama bwana mkubwa, kwa sababu tu mwajiri alichelewa kumlipa.

3. Kabla ya kutia sahihi au dole gumba

(a) Hati huandikwa kwa Kiingereza. Asomewe kila mtu kwa lugha anayoielewa, Kibemba au Kiswahili.

(b) Dai orodha ya kila mwezi na mshahara wake. Kama deni ni la miaka miwili au zaidi, kila mwaka uandikwe peke yake.

(c) Fidia ya kuumia kazini na gharama za wakili zisichanganywe na mishahara.

(d) Mapatano yaseme wazi kama kiasi kilichotajwa ni kabla ya kodi au baada yake.

(e) Uliza michango ya NAPSA: asilimia 5 yako na asilimia 5 ya mwajiri.

(f) Chukua karatasi ya malipo inayoonyesha kodi iliyokatwa, uitunze. Ukikatwa kupita kiasi, ndiyo ushahidi wako wa kudai marejesho ZRA.

Ndugu, tumepigania fedha hizi pamoja. Asiende mtu peke yake mezani. Aende na katibu wa tawi.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kwa nini Kwacha 36,000 za mwaka si sawa na Kwacha 36,000 za mwezi?
2. Katika tawi letu, nani hutunza karatasi zake za malipo, na nani amezitupa?

Umoja ni nguvu!