Suala la Nia katika Msamiati wa Ukosefu wa Kicho cha Kidini: Kufuru, Kashfa na Najisi

1.0 Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiswahili anayetaka kumlaumu mtu asiyeheshimu mambo ya dini ana maneno mengi ya kuchagua: kufuru, kashfa, najisi, dhihaka, kejeli, mzaha, stihizai. Katika mazungumzo ya kila siku baadhi ya maneno haya huchukuliwa kana kwamba ni visawe. Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa sivyo, na kwamba mpaka muhimu kati yake ni suala la nia: baadhi ya maneno hubeba nia ya mtenda ndani ya maana yake, na mengine hayaibebi. Mpaka huo hauwahusu wanakamusi peke yao. Umewahi kugusa uhuru wa mtu nchini Tanzania, na uzito wake umeongezeka tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

2.0 Tabaka la Kibantu

Kiini cha uga huu wa maana ni kitenzi cha Kibantu -cha, yaani kuogopa kwa heshima, kilichozaa kicho, uchaji na mcha Mungu. Luganda ina -tya kwa maana hiyohiyo. Neno takatifu nalo limetokana na -takata, kuwa safi. Upande wa makatazo upo mzio, ambao una mnasaba na muziro wa Kihaya na Kiganda, na vilevile na kizira cha Kirundi, yaani jambo la kuchukiza lililokatazwa.

Mnasaba huu unaonekana vizuri katika maeneo kama Kaniha, upande wa wilaya za Biharamulo na Ngara, ambako Kiswahili huzungumzwa sambamba na Kisubi na Kihangaza, lugha zilizo jirani na Kirundi na Kihaya. Mzungumzaji wa huko anaposikia neno mzio, hasikii neno geni kabisa. Hata hivyo, tabaka hili lina pengo. Hutaja kicho na makatazo, lakini ukosefu wa kicho hutajwa kwa kukanusha tu: kutomcha Mungu, utovu wa heshima. Kitendo chenyewe cha kuvunja kicho kimepewa majina kutoka Kiarabu.

3.0 Tabaka la Kiarabu

Mzizi wa kufuru, k-f-r, asili yake ni kufunika, na kutoka hapo kukana neema na kutoamini. Maana ya kukana neema ingali hai: anayelalamikia riziki yake huambiwa "Usikufuru!", na matumizi ya fedha yaliyopita kiasi huitwa kufuru. Mzizi wa kashfa, k-sh-f, una maana iliyo kinyume, yaani kufunua. Anayekashifu huanika aibu ya mwingine, ya kweli au ya kuzuliwa. Najisi ni kinyume cha tohara, na huhusu hali ya kitu, mahali au mwili. Dhihaka hutokana na mzizi wa kucheka.

Tofauti hizi huonekana katika yambwa ambazo kila kitenzi hukubali (alama ya nyota huonyesha sentensi isiyokubalika):

(1) Alimkufuru Mungu.
(2) *Alimkufuru jirani yake.
(3) Alimkashifu jirani yake.
(4) Walinajisi msikiti.

Kufuru, basi, ni baina ya mtu na Mungu. Kashfa ni baina ya watu. Najisi humwangukia mwenye kutakiwa kuwa safi au kitu kinachotakiwa kuwa safi.

4.0 Kipimo cha nia

Kipimo rahisi ni kuongeza kirai "bila kukusudia":

(5) Alikufuru bila kukusudia.
(6) Aliikashifu dini yao bila kukusudia.
(7) Alinajisi mahali pa ibada bila kukusudia.
(8) ?Aliidhihaki dini yao bila kukusudia.
(9) ?Aliikejeli dini yao bila kukusudia.

Sentensi (5) hadi (7) hazina mgongano wa maana. (8) na (9) zinao. Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo. Maneno matatu yaliyo mazito zaidi kama shutuma ndiyo yasiyothibitisha nia, ilhali yale yanayoonekana mepesi, dhihaka na kejeli, huibeba tayari.

Kufuru ina tatizo la ziada. Hupimwa kwa imani ya anayesema neno hilo. Wachukuliwe majirani wawili wa Kaniha, Mkristo na Mwislamu. Mmoja anakiri kuwa Yesu ni Mwana wa Mungu, mwingine anakanusha. Kila mmoja anaweza kuyaita maneno ya mwenzake kufuru, na kila mmoja akawa ametumia neno kwa usahihi.

5.0 Neno mbele ya sheria

Hali hiyo imewahi kutokea nje ya mifano ya wanaisimu. Ghasia za Mwembechai, Dar es Salaam, za Februari 1998 zilitanguliwa na malalamiko kwamba wahadhiri wa Kiislamu walikuwa wakiukashifu Ukristo. Baadaye, katika shauri la Dibagula dhidi ya Jamhuri, mhubiri wa Kiislamu alitiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya ya Morogoro chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, akahukumiwa kifungo cha miezi 18, kwa kutamka kuwa Yesu si Mwana wa Mungu. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitengua hukumu hiyo, kwa kuwa nia ya makusudi ya kujeruhi hisia za kidini haikuthibitishwa.

Kwa lugha ya makala hii, uamuzi huo ulitenga mambo mawili ambayo kitenzi kashifu huyaacha pamoja: aliyoyasikia msikilizaji na aliyoyakusudia msemaji. Wasikilizaji waliumia, hilo halikutosha kuonyesha kwamba msemaji alitaka waumie.

6.0 Hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, vitomeo vya kamusi vieleze bayana kama nia ni sehemu ya maana ya neno, badala ya kufasili kufuru, kashfa na dhihaka kwa kurejeleana. Pili, mfasiri wa sheria asitosheke na kukashifu dini pale ambapo sheria inadai kusudi. Nia itajwe kwa maneno yake yenyewe, kwani kitenzi hicho hakiitaji, na pengo hilo la kisemantiki likiachwa katika sheria litajazwa na hasira ya msikilizaji.