Kabla Hujachapisha Dodoso: Maswali ya Wanafunzi wa Uzamili wa Elimu

Wanafunzi wa uzamili wa elimu na sayansi ya jamii huniletea maswali yanayofanana kila mwaka: mada, sampuli, vibali, watoto, fedha. Wengi wao ni walimu walio kazini. Wanasoma jioni na wikendi, na baada ya kumaliza masomo ya darasani tasnifu huwakwamisha. Ninawajibu kama msimamizi, na kuna jambo moja litakalojitokeza tena na tena katika majibu haya: watafiti wetu wanawauliza watu maoni kuhusu mambo ambayo wangeweza kwenda kuyaangalia kwa macho yao.

Mwalimu, mada yangu ni “Sababu za kushuka kwa ufaulu katika shule za msingi Tanzania”. Msimamizi ameirudisha mara mbili, anasema ni pana mno. Nipunguze mikoa?

Kupunguza mikoa hakutakusaidia. Mada hiyo itabaki pana hata ukiifanyia katika kata moja, kwa sababu haisemi unatafuta nini. Mwalimu yeyote anaweza kukuandikia orodha ya sababu kabla ya chai ya saa nne: vitabu, madawati, njaa, umbali, wazazi, uchache wa walimu. Ukizunguka na dodoso utarudi na orodha hiyo hiyo, ila sasa ina asilimia pembeni.

Anzia kwenye jambo uliloliona kazini ambalo hakuna anayeweza kukuambia kwa hakika linatokeaje. Elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, uandikishaji wa darasa la kwanza uliruka, na ziko shule ambazo mwalimu mmoja anafundisha watoto zaidi ya 100 katika chumba kimoja. Mwalimu huyo hawezi kusahihisha madaftari yote kila siku. Basi, ni madaftari ya nani yanayosahihishwa? Ya wanaokaa mbele? Ya wanaomaliza haraka, ambao tayari wanajua? Je, mtoto aliyehamia katikati ya muhula hupata zamu yake? Hapo una swali la utafiti. Lina mipaka, linajibika ndani ya miezi michache, na afisa elimu kata akipata jibu lake anajua pa kuanzia kesho yake asubuhi.

Lakini kila tasnifu niliyoisoma maktaba ina dodoso. Nikiliacha, watahini watanikubalia?

Watakukubalia ukionyesha kwamba njia uliyoichagua ndiyo inayojibu swali lako. Dodoso ni chombo kizuri kwa mambo ambayo mhojiwa peke yake ndiye anayeyajua: ana mpango wa kuacha ualimu au la, anamwamini mkuu wake kiasi gani, alisoma mwenyewe katika mazingira gani. Rensis Likert alipobuni vipimo vyake mwaka 1932, alikuwa anapima mielekeo ya watu. Tatizo ni pale tunapochukua “nakubali sana” na kuigeuza ushahidi wa jambo lililotokea.

Ukiwauliza walimu 60 kama upungufu wa vitabu unaathiri ufaulu, karibu wote watakubali. Umejifunza kwamba walimu wanafikiri hivyo, basi. Idadi yenyewe ya vitabu ungeweza kuihesabu kwa nusu saa, ukaona pia vingapi vimo kabatini vimefungwa na vingapi viko mikononi mwa watoto. Mahudhurio yapo kwenye daftari la mahudhurio, na daftari hilo nalo linahitaji kuhakikiwa kwa kuhesabu vichwa darasani, maana kuna walioitikia jina asubuhi na saa sita hawapo.

Chukua madaftari ya wanafunzi 20 wa darasa moja kwa ruhusa ya mwalimu. Hesabu mazoezi yaliyotolewa tangu shule ifunguliwe, yaliyosahihishwa, na yale ambayo mtoto alirudia masahihisho. Tazama tarehe. Tazama alama za vema ziliwekwa na mwalimu au na kiranja. Kwa asubuhi moja utakuwa na taarifa ambazo ofisi ya elimu ya wilaya haina. Halafu ndipo umwombe mwalimu mkae mzungumze. Usaili wa namna hii huwa na uzito, kwa sababu mnazungumzia kitu ambacho nyote wawili mmekiona, na mwalimu anaweza kukueleza kwa nini wiki ya tatu haina zoezi hata moja.

Siku za kwanza utaona vipindi vya maonyesho: zana zimebandikwa ukutani, watoto wameonywa. Ni kawaida. Endelea kwenda mpaka wakuzoee, na katika maandishi yako tenganisha siku za mwanzo na za baadaye.

Hii si njia ya kigeni kwetu. Katika miaka ya 1970 mradi wa Jipemoyo uliwapeleka watafiti wa Kitanzania na wa Kifini kukaa vijijini wilayani Bagamoyo na kuchunguza pamoja na wanakijiji wenyewe. Marja-Liisa Swantz, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa waliokuza utafiti shirikishi, na hatua za mwanzo za utafiti huo zilipigwa katika vijiji vyetu. Inaniuma kuona wanafunzi wetu wanausoma utafiti shirikishi katika vitabu vya nje bila kuambiwa kwamba sehemu ya chimbuko lake iko Pwani.

Nimetumia fomula ya Yamane ikanipa sampuli ya watu 385. Inatosha?

Swali hili linastahili jibu refu, maana fomula hiyo imekuwa kama muhuri wa lazima. Taro Yamane aliiweka katika kitabu chake cha takwimu cha mwaka 1967: unachukua idadi ya watu wote, unaigawa kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kiwango cha kosa. Kwa kosa la 0.05, wilaya yenye wanafunzi 10,000 inakupa 385. Wilaya yenye 100,000 inakupa 398. Hata ukichukua nchi nzima hutavuka 400. Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 nalo linafuata mkondo huo.

Fomula hizi zina sharti ambalo tasnifu nyingi hazilitaji: kila mtu lazima achaguliwe kwa bahati nasibu, mmoja mmoja, kutoka katika orodha ya watu wote. Wewe hufanyi hivyo. Unachagua shule kwanza, kisha wanafunzi ndani ya shule. Wanafunzi wa shule moja wanafanana: wanafundishwa na mwalimu yule yule, wanatoka kijiji kimoja, wanakunywa uji ule ule au wanaukosa pamoja. Ukishamwuliza mmoja, wa pili anakuongezea kidogo tu.

Tuweke hesabu mezani. Tuseme moja ya tano ya tofauti zote za alama inatokana na shule anayosoma mtoto, yaani 0.2. Ukichukua wanafunzi 400 kutoka shule 10, watoto 40 kila shule, unazidisha 39 kwa 0.2 na kujumlisha 1, unapata 8.8. Gawa 400 kwa 8.8: sampuli yako ina nguvu ya watu 45 hivi waliochaguliwa mmoja mmoja. Watoto hao hao 400 ukiwatoa katika shule 40, kumi kumi, kigawanyo kinashuka hadi 2.8 na nguvu inapanda hadi 143. Idadi ya watoto haikubadilika. Kilichobadilika ni idadi ya shule.

Kwa hiyo ukiwa na nauli ya kufika shule chache tu, usijipe moyo kwa kurundika watoto wengi katika kila shule. Ongeza shule, punguza watoto. Kama huwezi kuongeza shule, badilisha aina ya swali, liwe linaloweza kujibiwa kwa kukaa katika shule moja au mbili.

Shule mbili tu? Si wataniambia matokeo hayawakilishi?

Hayatawakilisha nchi kwa takwimu, na usidai kwamba yanawakilisha. Yatakachofanya ni kueleza jinsi jambo linavyotendeka. Mtafiti Paul Willis alikaa na kundi la wavulana 12 wa familia za wafanyakazi katika mji mmoja wa viwanda Uingereza, akaandika jinsi walivyoishia kwa hiari yao katika kazi za viwandani kama baba zao. Kitabu kilitoka mwaka 1977 na bado kinasomeshwa katika vyuo vya elimu duniani. Hakuna aliyemdai sampuli ya 400, kwa kuwa alikaa na vijana wale hata akaeleza kile ambacho dodoso lisingefikia.

Ila shule mbili zinakudai muda. Kwenda mara moja kila shule, kuhoji walimu watano na kurudi mjini si utafiti wa kina, hata ukiuita hivyo kwenye sura ya tatu.

Vibali vinachukua muda. Nianzie wapi?

Anza mapema, hata kabla hujakamilisha vyombo vyako vya kukusanyia data. Kwa mwanafunzi wa chuo cha Tanzania Bara, barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo afisa elimu na shule yenyewe. Beba nakala za kutosha. Kila ofisi hubakiza moja. Mtafiti kutoka nje ya nchi anapitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Zanzibar ina utaratibu wake. Kenya unaomba leseni kwa mtandao kutoka NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, kisha unaripoti kwa kamishna na mkurugenzi wa elimu wa kaunti.

Nitahoji watoto wa darasa la tano. Mwalimu mkuu amesema ridhaa yake inatosha.

Haitoshi. Ruhusa ya mwalimu mkuu inakufungulia geti. Mzazi au mlezi anatoa ridhaa, na mtoto mwenyewe anaulizwa kama anataka, kwa maneno anayoyaelewa, mahali ambapo mwalimu hamsikii. Mtoto aliyezoea kuitikia “ndiyo mwalimu” hawezi kukataa mbele ya mwalimu, na wewe ukiwa mwalimu pia, anakuona ni yule yule. Mwambie kwamba akikataa hakuna alama itakayopungua. Kisha kubali akikataa.

La pili ni zito zaidi, na nimeona mapendekezo ya utafiti yakipita bila kuligusa. Usimwahidi mtoto kwamba hutamwambia mtu yeyote lolote atakalosema. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009, inayomtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Siku mtoto atakapokueleza kwamba anapigwa nyumbani au anasumbuliwa na mtu mzima, ahadi ile itakufunga mikono. Sema tangu mwanzo: “Nitatunza siri yako, isipokuwa ukiniambia kwamba kuna mtu anakuumiza.” Na kabla hujaingia uwandani mjue afisa ustawi wa jamii wa eneo hilo, uwe na namba yake ya simu.

Ninahoji kwa Kiswahili, tasnifu ni ya Kiingereza. Nitafsiri lini?

Chelewa kadiri uwezavyo. Andika mazungumzo yote kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, yachambue kwa Kiswahili, panga dhamira zako kwa Kiswahili. Mwishoni tafsiri zile nukuu utakazozitumia, na uweke maneno asilia kwenye kiambatisho. Ukitafsiri kwanza na kuchambua baadaye, utakuwa unachambua sentensi zako mwenyewe.

Sina fedha za kwenda uwandani kabisa.

Basi fanya utafiti kwa data zilizokwisha kukusanywa. Baraza la Mitihani (NECTA) huchapisha matokeo ya mitihani shule kwa shule. TAMISEMI hutoa takwimu za elimu za kila mwaka: walimu, vyumba, matundu ya vyoo, uandikishaji. Tathmini ya Uwezo iliwapima watoto kusoma na kuhesabu wakiwa majumbani Tanzania, Kenya na Uganda, hivyo hata wasiosoma shule wamo. SACMEQ, ushirika wa kupima ubora wa elimu, una vipimo vya darasa la sita katika nchi za kusini na mashariki mwa Afrika. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina tafiti za kaya zinazozifuatilia familia kwa miaka. Data hizi zimekusanywa kwa gharama kubwa, na sehemu kubwa yake haijaguswa na mwanafunzi wa hapa. Kuunganisha matokeo ya shule za wilaya yako kwa miaka kumi na idadi ya walimu wake ni kazi halali ya uzamili, na unaifanya kutoka mezani. Soma kwanza maelezo ya jinsi zilivyokusanywa. Safu yenye jina moja inaweza kuwa na maana tofauti mwaka hadi mwaka.

Kuna kijana anachakata data kwa SPSS, ananidai laki tatu. Nimpe?

Usimpe kazi ya kukuchambulia. Siku ya utetezi utaulizwa kwa nini ulitumia jaribio lile na si lingine, na yeye hatakuwepo. Kuna hasara nyingine kubwa zaidi: mtu anayechambua bila kuwa amefika shuleni hawezi kujua kwamba ile namba ya ajabu kwenye mstari wa 72 ni mtoto aliyekosa shule kwa sababu mto ulijaa. Wewe unajua. Anza na majedwali rahisi ya kuhesabu, ukiyajaza kwa mkono, kisha hamia programu za R au jamovi, ambazo ni bure. Ukikwama, laki hizo mpe yeyote anayejua takwimu akae nawe siku mbili akufundishe, kompyuta ikiwa mbele yako na data zikiwa zako.