Dondoo muhimu: Ukipewa ushauri kliniki

Muuguzi akisema mtoto "hajaongezeka vizuri", usiondoke na wasiwasi tu. Mwombe akuonyeshe mstari wa uzito kwenye kadi ya mtoto. Kinachotazamwa zaidi ni mwelekeo wa miezi kadhaa. Mtoto mwembamba anayepanda na mstari wake anaweza kuwa na afya njema kabisa. Mstari ukilala au ukishuka, hapo fuata ushauri mara moja.

Kuambiwa "mpe yai, maziwa na samaki kila siku" hakumsaidii mama asiye na hela, na si aibu kulisema hilo. Taja unachokipata: dagaa, maharage, karanga za kusagia kwenye uji. Muuguzi mwema atapanga nawe kwa hivyo hivyo. Uliza pia siku ya kurudi.

Lakini vyakula hivyo si vya mtoto mchanga: miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama pekee, hata maji hapana, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Bibi akishikilia kwamba joto linamtesa mjukuu na apewe maji, nenda naye kliniki akasikie mwenyewe.

Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege, mkimbize kituoni, hata kama jana uliambiwa ni kawaida.