Kulima uyoga kwa wanaokaa karibu na madini

Ninyi watu wa Katanga mwajua uyoga, ndio bowa. Mvua ikianza, wanawake na watoto wanaingia porini kuuokota. Lakini wa porini hukaa siku chache, na mwingine unaua. Mwaweza kuupanda nyumbani.

Tafuteni mbegu ya pleroti, uyoga unaoota juu ya miti iliyokufa. Kateni nyasi kavu za mupunga ao vigunzi vya mahindi. Loweka usiku mumoja, kisha chemsha ndani ya pipa muda wa saa moja. Chuja. Ngoja zipoe kabisa, maana moto unaua mbegu. Nawa mikono, changanya, shindilia ndani ya mufuko, funga, weka penye giza. Kwa wiki tatu hivi mufuko unageuka mweupe. Toboa, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Ukiona ukungu wa kijani, tupa mufuko ule mbali.

Sasa sikieni sana: uyoga unavuta madini. Usichukue nyasi karibu na moshi wa kiwanda, wala maji ya muto panapooshwa mawe ya madini. Risasi na kadimi haziondoki kwa kupika. Afazali kutembea mbali kutafuta nyasi safi.

Kilo 10 za uyoga mubichi zikikauka hubaki kilo 1 tu, lakini ile kilo ina nguvu ya kujenga mwili. Mupe mutoto pamoja na bukari na maharagi. Ndugu zake uyoga wanafanya kazi kiwandani: chachu ya mukate na pombe, na ukungu uliotoa dawa ya penisilini, iliyovumbuliwa mwaka 1928.

Nyasi zilizochoka, zika katika bustani.