Kufuma Shali Jepesi la Rangi Mbili

Wanawake wa visiwa vya Shetland, kaskazini ya Skotilandi, hufuma mashali mepesi ya sufu kwa mfano wa mawimbi ya pwani. Nyuzi mbili zatosha: buluu ya bahari na nyeupe ya povu.

Mfumaji hutia sindanoni vitanzi 108, yaani mafungu 6 ya vitanzi 18.

Safu ya 1: mshono wa kawaida.
Safu ya 2: mshono wa kinyume.
Safu ya 3, kila fungu: vitanzi viwili pamoja, mara 3, uzi juu ya sindano na kitanzi kimoja, mara 6, viwili pamoja, mara 3.
Safu ya 4: mshono wa kawaida, kisha rangi hubadilishwa.

Vitanzi 6 huongezwa, 6 hupunguzwa. Fungu hubaki 18. Asiyehesabu atalazimika kufumua. Mwisho shali huoshwa na kukaushwa likiwa limevutwa kwa pini, ndipo mawimbi huonekana.